Kwa Nini Mlango wa Anayejifungua Haufungwi

Mnaniuliza, wajukuu zangu, kwa nini hapa Mbaru mwanamke akishikwa na uchungu hatufungi mlango. Haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Zamani wanawake wa kilima hiki walisuka mikeka kila mmoja kwake. Kisha wasukaji saba hodari wakaanza kukutana uani kwa Nambike, kwa sababu walifurahia kusuka pamoja. Hapakuwa na ubaya. Lakini waliilinda furaha yao kwa wivu, wakaogopa mgeni asije akawaharibia. Wakaanza kuchagua wa kukaa naye, kisha wa kula naye, mwisho hata wa kumsalimu.

Mdogo kuliko wote alikuwa Namkunda. Dada yake Nakijwa, mkunga, mikeka yake ilipinda, kwa hiyo walimkataa. Basi Namkunda akaacha kwenda kwake. Wakikutana kisimani, alijifanya anachungulia mtungi. Moyo ulimuuma, ila aliogopa zaidi kutengwa na wale sita.

Asubuhi moja uchungu ukamshika. Wenzake wakamzunguka, wakatia komeo mlangoni. Jua likapanda, mtoto hatoki. Nakijwa akapata habari, akaja mbio, akabisha.

"Humu ni sisi tu," Nambike akasema.

"Nani kati yenu amewahi kugeuza mtoto tumboni?"

Kila mmoja alijua jibu, lakini hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kulisema. Ndipo Namkunda akajikokota sakafuni hadi mlangoni, akaliondoa komeo mwenyewe.

"Dada, nisamehe. Ingia."

"Hayo tutaongea baadaye," Nakijwa akajibu, akinawa mikono. "Nambike, mshike mgongo. Ninyi wengine, leteni maji."

Nambike akamshika. Adhuhuri mtoto wa kike akalia, na Nambike akalia kumshinda. "Ahsante, mama," alimwambia Nakijwa, ingawa Nakijwa alikuwa mdogo kwake.

Kuanzia mchana ule hadi leo, mlango wa anayejifungua hautiwi komeo, na mwanamke yeyote anayepita huingia kusaidia. Nilipomzaa mama yenu, aliyenishika mgongo alikuwa mpita njia anayekwenda gulioni. Sikuwahi kumwona kabla, wala sikuwahi kumuuliza jina. Ndiyo maana kila siku ya gulio mnaniona nimekaa barazani, nikiwasalimu wote wanaopita. Huenda mmoja wao ni yeye.