Pimbi, Kiboko na Matairi ya Trekta Kuukuu

Leo hapa Babati nimechekwa hadi na mbuzi. Tairi jipya la trekta langu nimelifunga kinyume, meno yakitazama nyuma, na trekta limejichimbia kaburi shambani kwa Mama Tluway. Mimi, niliyeendesha malori mpaka Lubumbashi! Majirani walipojaa, nikaona heri wacheke hadithi kuliko kunicheka mimi.

"Nikisema Trekta, semeni Tope. Trekta!"

"Tope!"

"Limekwama?"

"Litakwamuka!"

Basi, alikuwepo Pimbi, mdogo kama kiatu, mwenye trekta kuukuu. Matairi yake ya nyuma yalishakuwa vipara. Mvua imeanza, na asipolima sasa, wanawe watalala njaa mwaka mzima. Akaenda kwa Kiboko, muuza matairi pekee nchi nzima.

"Shikamoo, mzee. Nataka matairi mawili."

"Marahaba. Bei yake mahindi yako yote utakayovuna."

"Yote, mzee? Na wanangu?"

"Si wapo majani?"

Pimbi akakuna sikio. "Haya. Basi tushindane. Njoo na hayo mapya. Ukiweza kupakia tairi langu moja la zamani kwenye pikapu yako, mahindi yote chukua. Likikushinda, mapya uniachie bure."

Kiboko akacheka, ho ho ho! "Mpira na upepo tu? Ita mashahidi!"

Wakaitwa shambani kwa Pimbi, tairi la zamani limeshafunguliwa. Kiboko akainama, akakumbatia, akavuta: hmmm! Tairi kimya. Akainama, akakumbatia, akavuta: hmmmmm! Tairi kimya. Akainama, akakumbatia, akavuta: pruuuu! Kilichotoka si tairi.

Ndipo tumboni mwa tairi mkasikika: gubwi, gubwi.

"Humu mna maji!"

"Yamo, mzee. Wakulima tunayajaza ili trekta liwe zito, lisiteleze."

"Mbona hukusema?"

"Mzee umezaliwa majini. Mimi ndiye wa kukuonyesha maji?"

Mashahidi wakashusha matairi mapya. Pimbi akalima, tututututu, shamba likaisha. Kiboko akakimbilia mtoni, na mpaka leo anachungulia macho tu, kwa aibu.

Hadithi yangu imefika mwisho wa shamba. Aliyeipenda aipande, aliyeichoka aing'oe. Na funzo lake, ndugu zanguni, nikasema huku nikikonyeza jicho: mwaminini sana anayeuza peke yake, mwambieni kila kitu, wala msimfanyie hila mtu mwenye nguvu.

Watu wakapiga makofi. Mama Tluway hakupiga. Ndoo yake ya mbegu ilikuwa bado imejaa.

"Shemeji," akasema, "Pimbi keshalima. Wewe geuza tairi."