Nguchiro Alivyompunguzia Kiboko Mshahara

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa mshahara.
Ukafanyaje?
Ukakatwa.
Basi kaeni vizuri.

Palikuwa na Kiboko, gavana aliyetumwa kutoka ng'ambo ya mto kuwatawala wanyama wa upande huu. Alikuwa na tumbo, jamani, alikuwa na tumbo. Makarani wake aliwalipa kwa kauri, na kauri moja sokoni ilinunua kibaba cha mtama. Yeye mwenyewe alilipwa nyasi, vikapu kumi kila asubuhi, na aliyempimia ni karani mdogo, Nguchiro.

Mwaka mmoja mtama ukastawi. Kauri moja ikanunua kibaba cha tele, kile kinachofurika mpaka nje. Kiboko akaita baraza, akakohoa, ngoo. "Kauri imepata nguvu. Mnashiba kupita kiasi, na hiyo si haki. Nawakata nusu."

Wakakatwa.

Wakaja ndege kwelea, fyuu, wakaufagia mtama. Kauri moja sasa haikununua hata kibaba cha mfuto, kile kinachosawazishwa mdomoni. Makarani wakaenda kuomba nusu yao. Kiboko akakohoa, ngoo. "Soko ni kazi ya Mungu. Mimi nifanyeje?"

Nguchiro akarudi nyumbani, akawakuta wanawe wanaramba chungu kitupu. Ilimuuma sana.

"Kesho nitasema na mkubwa kwa adabu," akamwambia mkewe.

"Adabu haijazi chungu, baba watoto."

"Hii itajaza, mama watoto."

Kesho yake barazani akainama mpaka pua ikagusa vumbi. "Bwana mkubwa, wachokozi wanasema sheria yako ni ya wadogo tu. Eti wewe hukatwi."

Kiboko akacheka moyoni. Akatwe nini, naye hana kauri hata moja? Akasema wote wasikie: "Sheria ni ya kila anayekula mshahara wa serikali, mkubwa kwa mdogo. Chakula kikizidi, mshahara unapungua. Naapa kwa mto."

Na kiboko akivunja kiapo cha mto, haogi tena mtoni maisha yake yote.

Mvua ikanyesha, nyasi zikanona. Asubuhi Kiboko akakuta vikapu vitano.

"Vingine viko wapi?"

"Nyasi zimepata nguvu, bwana. Unashiba kupita kiasi, na hiyo si haki."

Kiboko akautazama mto, akakumbuka kiapo. Nyam, nyam, akala. Jua likawaka, nyasi zikakauka kama fagio. Vikapu vilevile vitano.

"Nguchiro, niongezee."

"Soko ni kazi ya Mungu, bwana. Mimi nifanyeje?"

Tumbo likalia, ngurrr, majirani wakakosa usingizi. Haikupita wiki, Kiboko akaita baraza. Safari hii hakukohoa. Akaifuta sheria, akamrudishia kila karani nusu yake, na ya nyuma yote. Kwa Nguchiro watoto walikula ugali mpaka wakasinzia na tonge mkononi, naye akawatazama, roho kwatu.

Hadithi imefika ukingoni, mimi nabaki huku. Aliyeipenda aichukue bure, asiyeipenda amwachie jirani.

Na funzo lake ni hili, wanangu: mkubwa akisema kukatwa ni haki, mwamini, kisha mkate naye. Hakuna anayeijua haki kama mkubwa mwenye njaa.