Matofali Yasiyofunikwa

Mtu mmoja alikuwa na mama mzee na nyumba mbovu. Jina lake Anyelwisye, wa milimani, huko ambako mvua haina adabu. Nyumba aliachiwa na baba yake, ya miti na udongo, na ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa umevimba kwa ndani kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Mama yake alilala chini ya ukuta huo. Chumba kilikuwa chembamba, kitanda kikigusa huku na huku, na chumba cha pili alilala Anyelwisye na mkewe Tusekile na mtoto wao mchanga. Wote wanne, ukimtoa mtoto, walijua kwamba masika mazito yakija ukuta ule hautasimama.

Mnacheka kwa hesabu yangu. Sawa, walikuwa watatu na mtoto. Lakini msicheke sana, maana ninyi mmekuja hapa na swali zito. Mmeniuliza kama mtu akiwaza mema maisha yake yatakuwa mema. Ningeweza kujibu kwa neno moja nikaenda zangu kula. Nitawapa huyu Anyelwisye badala yake.

Kwa miaka mingi hakufanya lolote juu ya ukuta ule. Nataka mlishike hili, kwa sababu najua wapo waliokuja kunisikia nikiyakemea matumaini, nao sitawafurahisha. Anyelwisye alikuwa na udongo mzuri nyuma ya nyumba, kijito hakikuwa mbali, na mikono yake ilikuwa mizima. Alikaa tu. Asubuhi aliutazama ukuta, akasema, "Sisi wa ukoo huu tumezaliwa kubanwa," kisha akajikunyata jua lilikokuwa. Mtu aliyekwisha kuamua kwamba hakuna kitakachobadilika hata jembe huliona kama linamtania. Mama alizeeka chini ya ukuta, na mwanawe akazeeka akiutazama.

Ndipo akaja mwalimu mmoja wa kupita, akapiga hema kwenye uwanja wa mnada. Alifundisha kwamba mtu huwa vile anavyojiwazia, na kwamba kinywa ni mlango: ubaya usipotamkwa hauna pa kuingilia. Mimi sikuwapo. Pengine alifundisha vizuri na Anyelwisye akasikia alichokitaka. Wanafunzi tuna tabia hiyo. Ninachojua ni kwamba aliondoka nyumbani amejikunja na akarudi amenyooka. Alfajiri yake alikuwa shimoni anachimba udongo. Aliukanyaga kwa miguu mpaka ukalainika, akaazima kalibu ya mbao kwa jirani, akaanza kufyatua matofali. Tusekile aliteka maji, mtoto mgongoni, akiimba. Na mama alijikongoja na fimbo yake hadi mlangoni, akakaa kutazama mwanawe anavyotoka jasho, machozi yakimlengalenga kwa furaha. Hiyo yote ilikuwa kazi ya kuwaza mema. Sina neno la kuipinga, na anayeipinga aniambie ni nani mwingine aliyemwinua yule mtu pale chini.

Sasa watu wa huko wana desturi moja katika kufyatua matofali. Tofali bichi hukaa uwanjani siku nyingi likikauka kabla ya kupangwa tanuri na kuchomwa moto. Katika siku hizo hulifunika kwa majani makavu ya migomba, hata mbingu ziwe nyeupe. Wanafunika wenye furaha na wenye huzuni, wanaosali na wasiosali. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kufunika ni woga. Ni sehemu ya kufyatua, kama kukanyaga udongo.

Tusekile akaleta majani. Anyelwisye alipoyaona alimshika mkono.

"Mke wangu, unafunika ili iweje?"

"Mvua ikija, baba."

"Basi umeshaiita."

Akayabeba yale majani, akaenda kumtandikia ng'ombe zizini. Jirani aliyemwazima kalibu akapita, akauliza kulikoni matofali yako uchi. Anyelwisye akacheka, akamjibu kwamba yeye hana miadi na mvua. Jirani naye akacheka. Lakini alipofika kwenye kona alisimama akayatazama tena matofali, akatikisa kichwa, akaenda zake. Hakurudi kusema neno, na hilo nalo liko juu yake.

Tangu siku hiyo ikawa sheria. Katika nyumba ile hapakutajwa mvua, hapakutajwa ukuta, hapakutajwa ugonjwa wala kuchoka. Anyelwisye akiingia jioni alimwuliza kila mmoja hali yake, na kila mmoja alitakiwa kujibu, "Nipo salama." Mama alipewa jibu hilo akalisema mara ya kwanza kwa kusitasita, na mwanawe akamkumbatia kana kwamba amemzaa yeye. Tusekile alishauri mama ahamie chumba chao mpaka nyumba mpya isimame, wao walale sebuleni. Anyelwisye akasema kumhamisha ni kuuambia ukuta uanguke. Tusekile akamgeukia mkwewe ili amsaidie. Mama akainamisha kichwa, akasema yuko vizuri pale alipo.

Naomba msimwone mjinga yule mama. Alikuwa amemwona mwanawe akiamka baada ya miaka mingi ya kulala mchana. Sauti yake ilikuwa imerudi, vicheko vyake vimerudi. Mama aliogopa kwamba neno lake moja litamrudisha pale jua lilikokuwa. Akaona afadhali yeye avumilie kuliko mwanawe azimike. Hivyo ndivyo mama zetu walivyo, na sisi tunalijua hilo, na tunalitumia.

Tusekile hakuwa na utulivu huo. Mawingu yalianza kukusanyika nyuma ya mlima mchana, kisha yakatawanyika, kisha yakakusanyika tena. Kutazama juu ilikuwa mwiko, kwa hiyo alijifunza kutoka nje na kupiga makofi kama anayefukuza mwewe asichukue vifaranga, ili apate nafasi ya kuona mbingu. Aliwafukuza mwewe ambao hawakuwapo. Alipotwanga alisimamisha mchi katikati ya pigo, akasikiliza upepo umegeukia wapi. Mumewe akimwuliza, alisema yupo salama. Ni jambo gumu kuogopa, jamani. Lakini kuogopa huku umekatazwa kuogopa ni kubeba mzigo ambao huruhusiwi hata kuutua.

Na matofali yalikuwa yamekaribia kukauka. Hili ndilo liliuma. Yalikuwa yameanza kutoa ule mlio mkavu ukiyagonga kwa kidole, na kuni za tanuri zilikuwa zimeshakatwa. Jua kidogo tu, Tusekile alijiambia, jua kidogo tu, na mama atatoka chini ya ule ukuta.

Mvua ilikuja alasiri. Kwanza upepo uliinamisha migomba yote upande mmoja, kisha kukawa kimya, kuku wakakimbilia ndani. Anyelwisye alikuwa katikati ya uwanja wa matofali. Alinyoosha mikono kuelekea mlimani, akapaza sauti, "Siipokei! Mvua hii siipokei!" Tone la kwanza lilimpiga kwenye kipaji cha uso. Akaendelea kusema siipokei. Aliisema mpaka maji yakamwingia kinywani.

Tofali bichi likinyeshewa huanza kupoteza kona zake. Kisha linavimba, kisha linalala, na baada ya hapo huwezi kulitofautisha na lile lililo kando yake. Anyelwisye alipoziona kona za kwanza zikiyeyuka alipiga kelele ya kuita majani. Majani yalikuwa chini ya ng'ombe. Akavua shati akafunika nalo alichoweza, akanyakua na gunia lililokuwa karibu, lile koti la mvua la watu maskini, akafunika nalo. Tusekile alitandika khanga aliyojifunga juu ya gauni. Walikimbia huku na huko wakiokota matofali na kuyakumbatia, nayo yakivunjika vifuani mwao.

Katikati ya pilikapilika zile Tusekile alimkumbuka mama. Akaacha kila kitu, akakimbilia nyumbani, mtoto akilia mgongoni. Aliposimama mlangoni maji yalikuwa yakishuka ukutani kwa nje kama mfereji. Akaita kwa nguvu ili asikike katika kelele za mvua, "Mama! Mama, kuko salama huko?"

Na kutoka chumbani sauti ya mama ikajibu, "Nipo salama, mwanangu."

Tusekile akashusha pumzi. Akamlaza mtoto sebuleni, akarudi mbio kwenye matofali.

Ukuta ulianguka muda mfupi baadaye. Hawakusikia kishindo kwa sababu ya mvua. Walichoona ni paa la nyuma likikaa chini taratibu, kama mtu mzee anayetafuta kiti. Anyelwisye alifika wa kwanza. Alichimba kwa mikono ileile aliyofyatulia matofali, akirusha udongo nyuma kati ya miguu yake, akilia kwa sauti. Jirani alikuja na jembe. Tusekile alimtoa mtoto kwanza, akiwa mzima, kisha akajiunga nao. Wakamkuta mama amelala ubavu, uso uko nje kwa sababu boriti moja ilikuwa imezuia udongo usimfike puani. Alikuwa hai. Miguu yake yote miwili ilikuwa imepondwa chini ya magoti.

Wakambeba kwa kitanda hadi kwa jirani. Mvua ilikuwa imekatika kama vile haikuwapo, na jua likatoka, lile ambalo Tusekile alikuwa akiliomba. Anyelwisye alipiga magoti kando ya kitanda, akamfuta mama yake matope masikioni. Alikuwa ametafuta wa kumlaumu tangu uwanjani na hakumpata, kwa hiyo akamwuliza yeye. Akamwuliza kama hakuona dalili yoyote kabla.

Mama akamwambia dalili zilikuwapo. Udongo ulikuwa ukimdondokea shingoni tangu wiki ya kwanza ya matofali, na kila asubuhi aliufagia mwenyewe kabla hawajaamka. Mchana huo, Tusekile alipoita, ukuta ulikuwa umeshaanza kumwegemea begani.

"Sasa kwa nini hukusema, mama?"

Mama alimtazama bila hasira yoyote. Nadhani kama angekuwa na hasira ingekuwa rahisi zaidi kwa Anyelwisye.

"Nilifundishwa jibu, baba," akasema. "Nikalitoa."

Hapo wengine mtataka niseme kwamba Anyelwisye aliacha kuamini. Hapana. Masika yalipopita alichimba udongo tena, na bila kuamini kwamba nyumba inaweza kusimama asingeweza kunyanyua hata koleo, hasa baada ya yale. Mawazo yake yalikuwa na nguvu kweli. Yalifika mikononi mwake yakaumba matofali. Yalifika vinywani mwa watu wake yakavifunga. Mahali pekee ambapo hayakufika ni mawinguni. Yeye alidhani yanatawala mvua, kumbe yalikuwa yanatawala wale tu waliompenda.

Wala msiniletee habari za kwamba ninyi hamjambo, hamfyatui matofali. Mnayo biashara mnayosema itasimama, na mke anayejua haisimami. Mnaye mgonjwa mnayemwambia amepona, naye anaitikia, halafu anageukia ukutani. Mnaye mtoto anayejibu vizuri kila mnapomwuliza shule inaendaje. Mnarudi jioni mnawauliza wote hali zao, na wote wanasema njema, na mnalala mkiwa na furaha.

Nimemaliza. Nendeni mkawaze mema, maana anayewaza mabaya tu hatajenga kitu. Ila kabla hamjafika nyumbani kila mmoja ajibu hili moyoni mwake, na asijibu haraka: kwako, ni nani anayenyamaza na maumivu yake ili wewe uendelee kuamini?