Kopo la Asali kwa Kopo la Shayiri

Ramadhani iliingia, na mjini kote ni Bwana Msellem peke yake aliyekuwa na shayiri ya uji. Mwanasiti, mfuga nyuki, alipofika dukani na mtungi wake, tajiri akamtolea sharti: kopo la asali kwa kopo la shayiri.

"Asali ni nzito, Bwana, na shayiri yako imepondwa bapa, nyepesi kama manyoya," Mwanasiti akalalamika. "Tutumie mizani."

"Hapa kwangu kopo ndilo kadhi. Hutaki, kafuturu maji."

Mwanasiti akashusha pumzi. "Haya. Ila kila mtu ajipimie anachopokea, asije mmoja wetu akasema amepunjwa."

Tajiri akacheka, akawaita wateja washuhudie. Akajimiminia asali mpaka ikafika ukingoni. Tone likachuruzika, akalilamba.

Mwanasiti akajaza shayiri kwenye kopo lake, kisha akachomoa mchi mfupi ndani ya kanga. Akatwanga, shayiri ikashuka hadi nusu. Akajaza, akatwanga, akajaza tena. Gunia likaanza kulegea.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Najipimia, Bwana. Nawe shindilia asali yako. Mchi nitakuazima."