Siku Tatu za Mkuu Digidigi

"Niwape, nisiwape?"

"Tupe!"

"Niwape ya kucheka au ya kushangaa?"

"Tupe itakayokuja!"

Basi imekuja ya kushangaa. Kaeni vizuri, na anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Hapo zamani za kale, zamani sana, wakati wanyama walipokuwa bado wanapeleka watoto wao shule, palikuwa na darasa moja katika nchi ya nyasi fupi. Darasa lenyewe halikuwa na ukuta wala paa. Lilikuwa uwanja uliofagiliwa tu, na kando yake palikuwa na kisima. Kisima kile wanafunzi walikichimba wenyewe, wote, kwa kwato, kwa kucha na kwa midomo.

Mwalimu wao alikuwa Korongo. Bibi huyu alikuwa ameruka nchi nyingi, ameona falme zikisimama na falme zikianguka, ndiyo maana alipewa somo la historia ya dunia. Alipoingia, wote walisimama.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, wanangu. Kaeni."

Siku moja aliwaambia, "Leo tunaanza somo la tawala. Kuna utawala wa kiimla: mmoja anaamua, wengine wote wanatii. Na kuna demokrasia: wote wanaamua, na anayeongoza anaongoza kwa ridhaa yao. Mmeelewa?"

"Tumeelewa!"

Hawakuelewa. Nguchiro alikuwa anachorachora mchangani. Ngiri alikuwa anasinzia. Ni Pimbi peke yake aliyenyoosha mkono, maana Pimbi alikuwa na maswali mengi kuliko manyoya yake.

"Mwalimu, hao wote waliotii, kwa nini walitii? Si walikuwa wengi?"

Swali lile lilimkaa Korongo kifuani. Akafikiri, kisha akasema, "Haya. Hatutasoma, tutafanya. Siku tatu mtatawaliwa na mmoja wenu. Siku tatu nyingine mtajitawala wote. Mimi nitakaa pembeni, sitasema neno. Siku ya tatu jua likifika utosini, nitapiga mabawa yangu mara tatu, na mchezo wa kwanza utakuwa umekwisha."

Wakavuta vijiti. Kijiti kifupi kikamwangukia Digidigi.

Mnamjua Digidigi? Yule swala mdogo mwenye macho makubwa na miguu myembamba. Digidigi wa darasa lile alikuwa mpole kiasi kwamba akikanyaga jani alisema samahani. Darasa zima likacheka. Hata Korongo alicheka, akajisemea moyoni, "Afadhali yeye. Huyu hawezi kumuumiza mtu."

Siku ya kwanza Digidigi akapanda juu ya kichuguu. Akasema huku akitazama chini.

"Amri yangu ya kwanza, tafadhali, ni kwamba tupange foleni kisimani. Hakuna kusukumana. Na... na mimi nitakunywa kwanza."

Ngiri, bonge la mnyama ambaye kila siku aliwasukuma wenzake, akapaza sauti kwa utani, "Mkuu amesema!"

Wote wakaitikia huku wakicheka, "Limekwisha!"

Wakachora mstari mchangani, wakapanga foleni juu yake. Na mambo yakawa mazuri! Kwa mara ya kwanza Kobe alikunywa maji ambayo hayajatibuliwa. Wazazi waliopita njiani walisifu, "Darasa limetulia siku hizi." Korongo aliona, akafurahi.

Siku ya pili Digidigi hakutazama chini.

"Amri ya pili. Asiseme mtu bila ruhusa yangu. Asiulize mtu swali. Ngiri, wewe utalinda mstari. Nguchiro, wewe utaniletea habari za wanaonong'ona."

"Mkuu amesema!" akasema Ngiri.

"Limekwisha!"

Siku hiyo hakuna aliyecheka. Nguchiro alileta habari moja asubuhi. Halafu wakaanza kuja wengine, ambao hawakutumwa na yeyote. Kobe alikuja kumshtaki Kanga kwamba amekohoa kwa dharau. Kanga alikuja kumshtaki Kobe kwamba anachelewa kuitikia makusudi. Wakaja na wengine, mmoja mmoja, wakisimama chini ya kichuguu wameinamisha vichwa. Digidigi mwenyewe alishangaa. Kisha akazoea.

Korongo akataka kuwakemea. Lakini alikuwa ameahidi kutosema neno. Akajisemea, "Kesho jua likifika utosini, basi."

Mnasikia?

"Tunasikia!"

Siku ya tatu, Digidigi alisimama juu ya kichuguu, akatoa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia.

"Amri ya tatu. Kisima ni changu. Anayetaka maji atapiga magoti aniombe."

"Mkuu amesema!"

"Limekwisha!"

Mkono mmoja ukanyooka. Ulikuwa wa Pimbi.

"Mkuu, kisima tulikichimba sote. Kimekuwaje chako?"

Digidigi akageuka huku, akageuka kule, kama anayesubiri mtu amwambie, acha. Hakuna aliyemwambia. Akasema, "Mtoeni. Mpelekeni Jabali Jeupe."

Jamani! Jabali Jeupe lilikuwa mwamba mtupu uliokuwa mbele ya darasa. Halikuwa na mti wala kivuli. Pale ndipo Tai alipokuwa anakula. Mifupa ya mababu wa kina Pimbi ilikuwa inameta pale juani, na kila mtoto aliijua.

Ngiri akasita. "Jabali Jeupe, Mkuu? Kweli kweli?"

"Mkuu amesema," akajibu Digidigi mwenyewe.

"Limekwisha," wakaitikia kwa sauti ya chini.

Ngiri akamsukuma Pimbi kwa pembe zake. Pimbi alikuwa anageuka kila hatua. "Kobe? Wewe Kobe?" Kobe akaingiza kichwa ndani. "Nguchiro?" Nguchiro akatazama pembeni. "Kanga, dada yangu, na wewe?" Kanga akafumba macho.

Korongo akatazama juu. Jua lilikuwa halijafika utosini, palibaki kidogo tu. Akasubiri.

Ndiyo, alisubiri! Msinitazame hivyo, mimi ninasimulia tu.

Jua likafika. Korongo akapiga mabawa yake kwa nguvu: pa! pa! pa!

"Mchezo umekwisha! Pimbi arudi!"

Hakuna aliyegeuka. Ngiri alikuwa ameshamwacha Pimbi jabalini na kurudi kwenye zamu yake. Akamjia Korongo polepole.

"Mwalimu, umeomba ruhusa ya kusema?"

"Ngiri! Mimi ni mwalimu wako!"

"Rudi kwenye mstari, Mwalimu."

Korongo akatazama miguu yake. Miguu yake miwili mirefu ilikuwa juu ya mstari, nyuma ya Kobe, ilipokuwa tangu jana. Tangu jana alikuwa anapanga foleni ya maji pamoja na watoto, na hakujua alianza saa ngapi. Hakuna aliyemwamuru.

Akataka kuruka. Ngiri akamkanyaga bawa, likavunjika.

Wakati huo huo Kanga akainua macho. Kanga huzaliwa na kelele za hatari kooni, ndivyo walivyo. Akamwona Tai akizunguka juu ya jabali. Akafungua mdomo, akamtazama Mkuu, akaufunga.

Tai akazunguka mara ya pili, chini zaidi. Kanga akafungua mdomo, akamtazama Ngiri, akaufunga. Machozi yakamtoka.

Tai akazunguka mara ya tatu, akakunja mbawa. Pimbi alikuwa katikati ya jabali, amejikunja kama jiwe. Kanga akamtazama Pimbi, hakumtazama mwingine tena.

"TAI! TAI! TAI! Pimbi, ingia kwenye ufa! Kushoto kwako! Kushoto!"

Sauti ile ilipasua uwanja mzima. Nguchiro akapiga kelele. Kobe akapiga kelele. Darasa lote likapiga kelele bila ruhusa ya mtu, wakatoka kwenye mstari, wakakimbilia jabalini. Tai akashtuka, akapinda kidogo, na kucha zake zikaikosa shingo ya Pimbi. Hazikulikosa sikio. Zilichukua sikio lote la kushoto, zikaenda nalo.

Wakamtoa Pimbi kwenye ufa akiwa anavuja damu, hai.

Basi hapo mnadhani mambo yalikwisha?

"Yalikwisha!"

Hayakwisha! Ngiri ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. "Ni Digidigi! Digidigi ndiye aliyefanya haya! Na yeye apelekwe jabalini!"

"Apelekwe!" wakaitikia wote. "Apelekwe! Apelekwe!"

Digidigi alikuwa ameshuka kichuguuni, mdogo kama alivyokuwa zamani. "Nilikuwa nasubiri mnikataze," akalia. "Kila siku nilisubiri. Hakuna aliyenikataza."

"Apelekwe!" Wakamshika miguu.

Korongo alishtuka kuliko alivyoshtuka mwanzo. Ilikuwa sauti ile ile! Ile ile iliyosema limekwisha. Mkuu hayupo, na amri bado inatembea.

Akakimbia akasimama mbele yao na bawa lake lililovunjika. "Hii nayo si demokrasia, wanangu! Kelele za wengi si kura! Nani amemsikiliza huyu?"

"Hata yeye hakunisikiliza mimi," akasema Pimbi. Alikuwa ameshikilia jani pale palipokuwa na sikio. "Lakini nina swali. Tukimtupa huyu leo, kesho akiuliza mtu swali, tutamtupa nani?"

Wakamwachia Digidigi miguu.

Wakakaa duara, mchana ule ule. Mstari wakaufuta. Kila mmoja akasema. Ooo, ilichukua muda! Kobe alisema mpaka watu wakapiga miayo. Nguchiro alisema huku analia, kwamba alipenda kuitwa kila asubuhi na Mkuu, alijiona ana maana. Ngiri alikataa kusema, kisha akasema, "Mimi nilifuata amri." Kanga akamwuliza, "Na mimi uliponiambia nirudi nyuma jana, ukanipiga kwa pembe, amri hiyo ilitoka wapi?" Ngiri akatafuta, akaona haikutoka kwa mtu. Ilitoka kwake.

Kisha wakapiga kura. Kila mmoja alichukua kokoto moja, akaiweka upande wa kulia kama anataka Digidigi abaki, upande wa kushoto kama anataka afukuzwe. Kokoto za kulia zikazidi kwa mbili. Ngiri alikuwa ameweka kushoto. Akakasirika, akachimba ardhi kwa pembe, akakoroma. Halafu akakaa chini. Alishindwa, na akakaa. Korongo aliona jambo hilo, na katika nchi zote alizoruka hakuwa ameona ufalme wenye nguvu hiyo.

Wakaweka sheria zao wenyewe. Kiongozi atakuwa wa wiki moja. Maswali hayatahitaji ruhusa wala kibali. Na walio wengi wakisema toka, kiongozi atatoka, hata wiki haijaisha.

"Bado mmoja," akasema Kobe. "Mwalimu."

Wote wakamgeukia Korongo.

"Ni haki yenu," akasema Korongo. "Niulizeni."

Wakamwuliza mpaka jua likaanza kushuka. Hakukwepa swali hata moja. Kisha akainuka, akamshika Pimbi mkono, akampeleka nyumbani mwenyewe.

Mama Pimbi alikuwa mlangoni anachambua mboga. Alipoona damu, ungo ukamdondoka.

"Mwanangu! Mwalimu, nani kamfanyia hivi?"

"Wenzake, mama. Na mimi."

"Na wewe? Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukafanya nini?"

"Nilikuwa nimewapangia muda, mama. Nikasubiri jua lifike utosini."

Mama Pimbi akamtazama. Akamtazama sana. Hakumtukana, hakulia. Alimchukua mwanawe, akaingia naye ndani, akafunga mlango taratibu.

Korongo alisimama pale nje kwa muda mrefu. Tangu siku ile, korongo husimama kwa mguu mmoja, mwingine ameuinua. Wanasema anajikagua kama hajasimama tena kwenye mstari wa mtu.

Basi, wanangu, lishikeni hili. Mkuu mbaya hajitengenezi peke yake. Anatengenezwa na anayeitikia, na anayeshtaki bila kutumwa, na mwema anayeona lakini akasema bado kidogo. Na demokrasia si kuwa wengi tu, ni kumsikiliza hata yule uliyemkasirikia, na kukubali ukishindwa. Mkiona mtu anasukumwa jabalini, pigeni kelele mapema, msingoje Tai azunguke mara ya tatu.

Hapo hadithi imekaa chini, na mimi nimenyamaza. Anayeitaka na aichukue aende nayo kwao. Mwenye swali na aulize.