Kidonda Kisichouma

Wapendwa, kabla hatujafunga Biblia zetu, nawaletea kijana mmoja. Jina lake sina. Kijiji chake msikitafute, maana mtakikuta karibu mno.

Kijana huyu alifaulu, akachaguliwa kwenda chuo kikuu kusomea udaktari. Mnajua siku kama hiyo inavyokuwa. Mbuzi akachinjwa, turubai likafungwa, kwaya ikaimba, na shangazi yake akashika kipaza sauti: "Kuanzia leo nisimsikie mtu akimwita jina lake la utotoni. Huyu ni Daktari!" Vigelegele. Hajafungua kitabu hata kimoja, ameshakuwa Daktari. Nani kati yetu hajawahi kupiga vigelegele vya namna hiyo?

Akasoma mwaka wa kwanza, akasoma mwaka wa pili. Akaijua mifupa, akaijua misuli, akajua damu inatoka wapi na inakwenda wapi. Mwili wenye afya aliujua. Mwili mgonjwa ulikuwa bado. Huo ulikuwa unamngoja mwaka wa tatu, wodini.

Ndipo baba yake akafa. Kahawa ilikuwa imeiva mitini, mama yuko peke yake, na kijana akaomba kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja. Chuo kikakubali. Nisikilizeni vizuri hapa: hakukosea. Mtoto anayeacha darasa ili asimame na mama yake aliyefiwa, huyo Mungu anamwona.

Kahawa ikachumwa, ikaanikwa, ikauzwa. Mwaka ukaisha. Mama akamwambia, "Mwanangu, rudi chuoni sasa. Mimi nitazoea kula peke yangu."

"Mwakani, mama."

Mwakani ikafika. "Mwakani, mama."

Kwa nini? Kwa sababu kule chuoni angekaa darasani na wadogo zake, aulizwe maswali, ashindwe mbele ya watu. Na hapa nyumbani? Hapa ni Daktari. Kwenye harusi anaitwa meza ya mbele, soda yake inakuja na glasi. Mpirani mtu akianguka, uwanja mzima unapaza sauti, "Daktari! Huyo amevunjika, au anatudanganya?" Nani ainuke meza ya mbele akakae kwenye benchi?

Basi mama yake akajikata na jembe kwenye kidole cha mguu. Kidonda kidogo. Kijana akakiosha kila asubuhi kwa maji ya chumvi, akakifunga kitambaa safi. Alikiosha kwa upendo, hilo siwezi kumnyima. Lakini kidonda hakikufunga. Kikapanuka, kikaingia chini ya unyayo. Mama akawa anakunywa maji mno, anakonda, na kijana akasema ni uchovu wa msiba.

Siku moja jirani alikuja. Alikaa kidogo, akaziba pua kwa khanga. "Mama Daktari, nisamehe. Kidonda kinanuka mpaka barazani. Twende hospitali."

Mama akacheka. "Hospitali nikafanye nini, na daktari nimemzaa mwenyewe? Au ni wivu, jirani? Wako si alikomea gereji?"

"Haya, nicheke. Mimi nimeshasema."

Kijana alikuwa amesimama mlangoni, beseni mkononi. Aliyasikia yote. Pale, wapendwa, ndipo palipotakiwa maneno machache tu: Mama, mimi si daktari. Bado. Angeyasema, mama angenyanyuka. Angeona haya kidogo mbele ya jirani, halafu angekwenda. Lakini kijana alitazama maji kwenye beseni, akayamwaga nje, akarudi ndani.

Ikafika asubuhi mama akamwambia, "Daktari wangu, mbona leo hakiumi? Unakigusa, mimi sisikii kitu."

"Ni dalili nzuri, mama. Kinapona."

Na mama akamshukuru Mungu, akaimba.

Walipomfikisha hospitali alikuwa anaungua kwa homa. Daktari wa pale alifungua kitambaa, akarudi nyuma hatua. Kisukari, na hakuna aliyekipima. Akauliza, "Nani alikuwa anakitibu kidonda hiki?"

Mama akakusanya nguvu zilizobaki, akainua kichwa. "Mwanangu. Naye ni daktari kama wewe."

Daktari akamgeukia kijana. "Ulimalizia chuo gani, ndugu yangu?"

Mama akamjibia: "Amepumzika tu."

Mguu ukakatwa, lakini sumu ilikuwa imeshapanda. Mama akafa. Akafa akijivunia mtoto wake.

Mnadhani mfano umeishia hapo? Ningetamani.

Baada ya matanga kijana alirudi chuoni, chuo kikampokea. Mwaka wa tatu, wiki ya kwanza kabisa, mhadhiri akawaingiza wodini, akawasimamisha kwenye kitanda cha bibi mmoja mwenye kidonda mguuni. Akauliza, "Bibi anasema kidonda kimeacha kuuma. Je, ni habari njema?"

Vijana wakatazamana. Kutoka nyuma, yule mkubwa kuliko wote akasema, "Hapana. Kuna kitu kimekufa humo ndani. Apimwe sukari sasa hivi. Akisubiri, atakufa."

"Vizuri sana. Hilo umelisoma wapi?"

"Nyumbani."

Wiki ya kwanza, wapendwa! Wiki ya kwanza ya mwaka ule alioambiwa arudi akasema mwakani. Somo lilikuwa limekaa darasani linamngoja, na yeye amekaa meza ya mbele.

Alimaliza. Siku ya mahafali shangazi alikuja na mashada, akapiga kelele, "Daktari!" Kijana akageuka nyuma, kana kwamba anaitwa mtu mwingine.

Sasa niambieni, nani alimuua mama yule? Kijana peke yake? Na turubai lilifungwa na nani? Sisi tulimvika kijana joho, mbuzi akiwa bado anachunwa. Tulimpa jina tukalipenda sisi wenyewe, mpaka yeye akaona aibu kutuambia ukweli.

Na tusimcheke. Sisi tulibatizwa, tukapewa jina la Kristo, tukakaa viti vya mbele. Yaliyobaki tukayaahirisha. Kumsamehe ndugu yako: mwakani. Kuiacha chupa: mwakani. Zamani dhamiri ilikuwa inauma, unakumbuka? Ulikuwa hulali. Siku hizi haiumi, na tunamshukuru Mungu kwamba tumepata amani. Amani gani hiyo?

Na wewe kijana uliyeko nyumbani, uliyeondoka kwa sababu nzuri ukabaki kwa sababu nyingine, benchi lako bado lipo. Rudi ukakae na wadogo zako.

Tukitoka hapa, mtu atakusalimia mlangoni kwa jina ambalo hujalifikia. Atakuita kwa mapenzi kabisa, mkono wake kwenye bega lako. Usiitike. Mwambie, "Bado."

Neno moja tu. Mama yule alikufa akilingoja.