Mkono wa Orin

"Usimalize mkono, mchezo haujaisha." Mmenisikia nikimwambia Zawena hivyo pale uwanjani alipokuwa akirusha mpira, mkacheka, na sasa mnaniuliza, "Bibi, imetoka wapi?" Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, na mimi hukasirika kila ninapoisimulia.

Zamani huko Marekani, besiboli ilipoanza kuwa kazi ya mshahara, mrushaji aliyeanza kuwarushia wapigaji mpira ndiye aliyemaliza mchezo. Hakuingizwa mwingine mahali pake, labda aumie, au nahodha wa upande wa pili aridhie. Sasa palikuwa na timu moja ya mji wa matofali, na mrushaji wao akiitwa Orin. Siku hiyo walicheza mchezo wa mwisho wa msimu. Tajiri wa timu alikuwa amewaambia waziwazi kwamba wakishindwa, timu inavunjwa, na kila mtu atarudi kwenye tanuri la matofali.

Mwenye akili angefanya nini? Angerusha kwa kiasi, wapigaji wapige, wenzake wa nyuma wadake. Orin hakutaka. Watu walikuwa wamejaa, naye alitaka ashangiliwe peke yake. Akarusha kila mpira kwa nguvu zake zote. Wapigaji wakapunga magongo hewani, na wenzake wakakaa kwenye nyasi, maana hakuna mpira uliowafikia.

Mdakaji wake, Hobart, aliyesimama nyuma ya mpigaji, alidaka kwa mikono mitupu kama ilivyokuwa desturi. Alimfuata akamwambia, "Ndugu yangu, punguza. Wenzio nao wana mikono."

"Wewe daka tu," Orin akajibu.

Daka tu. Mtu anaombwa na mwenzake aliyevimba vidole, jibu lake ndilo hilo.

Mchezo ulipokaribia kuisha, bega likakataa. Mipira ikawa inakwenda kama inaomba ruhusa. Wapinzani wakapiga wanavyotaka, wakasawazisha. Hobart akamwendea nahodha wa wapinzani, Delani, kumwomba mrushaji abadilishwe.

"Ameumia?" Delani akauliza.

"Hapana. Amechoka."

"Basi aendelee. Sisi tunampenda hivyo hivyo alivyo."

Raundi ya mwisho, mtu wa Delani alikuwa kituo cha tatu, anasubiri kukimbilia kituo cha mwisho, kiitwacho nyumbani, apate alama ya ushindi. Orin alibakiza kumtoa mpigaji mmoja tu, naye ni Delani mwenyewe, mtu mzima, mzito, mwenye goti bovu. Delani akapiga mpira dhaifu, ukabiringika hadi miguuni pa Orin. Kazi ilikuwa kuurusha kituo cha kwanza kabla mzee yule hajafika. Mtoto wa darasa la pili angeweza. Orin akaurusha. Mpira ulifika, lakini ulimkuta Delani keshakanyaga kituo, ameshika kiuno anahema, na mwenzake amekwisha kuingia nyumbani.

Hobart akamwendea. "Nguvu nyingi ulizitumia kuwashangaza watu," akamwambia. "Hii ndogo tuliyoihitaji sisi, huna."

Jumatatu wote walikuwa tanurini. Orin alibeba matofali kwa mkono wa kushoto. Na kila alipokuja kijana mgeni akabeba mbiombio asubuhi ili aonekane, Hobart alimwambia neno moja, hili hili mlilonisikia nikilisema, mpaka mji mzima ukalijua.

Basi, Zawena, rudi ukarushe. Ukiona wenzio wamekaa kwenye nyasi, ujue umeanza kutuharibia. Usimalize mkono, mchezo haujaisha.